Ajali Haina Kinga? Baiskeli na Barabara katika Historia Yetu

Kila mwaka tunapofika kwenye mada ya methali na misemo huwa tunaandika ubaoni maneno haya matatu: ajali haina kinga. Wanafunzi huyapenda kwa sababu ni mepesi kukumbuka na hukaa vizuri mwishoni mwa insha. Muhula mmoja, mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili, mzaliwa wa kilima kimojawapo kati ya vile vinavyouzunguka mji wa Gitega, alituletea insha ya kurasa tatu kuhusu baba yake, ambaye alikuwa akileta makaa mjini kwa baiskeli hadi alipogongwa na gari asubuhi moja kabla ya kupambazuka. Ilikuwa insha nzuri, yenye Kiswahili safi, nayo iliishia kwa msemo huo. Tukauwekea alama ya vyema kwa wino mwekundu.

Siku ya kurudisha kazi, tulipousoma mfano huo mbele ya darasa, kijana mmoja wa pande za Muyinga aliyekuwa ameketi nyuma aliinua mkono. "Samahani mwalimu," akasema, "hiyo kinga ni ipi?" Darasa likaangua kicheko, maana katika Kirundi ikinga ni baiskeli. Mwenye insha hakucheka.

Makala haya yametokana na swali hilo. Tunakusudia kuangalia jinsi baiskeli ilivyofika kwetu, nani aliitumia, barabara ilijengwa kwa ajili ya nani, na kama ni kweli kwamba kinachomfika mtu asiye na gari barabarani ni jambo lisilozuilika.

Tuanze na maneno, kwani ndiyo kazi yetu. Katika Kiswahili sanifu, kinga ni kitu kinachozuia madhara. Kitenzi chake ni kukinga. Iko pia kinga nyingine, kijinga cha moto, ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo". Ukivuka kwenda Kongo, hasa Lubumbashi, utasikia watu wakisema kinga kwa maana ya baiskeli, na Walingala husema nkinga. Sisi Warundi tuna ikinga, wingi wake amakinga. Hatudai kwamba kinga ya kuzuia na kinga ya kupanda ni neno moja. Kufanana kwa sauti si ushahidi, na wanafunzi wetu wa isimu wanalijua hilo. Lakini neno la kwanza katika msemo lina asili inayojulikana. Ajali limetokana na neno la Kiarabu ajal, lenye maana ya muda uliowekwa, hususan mwisho wa uhai ambao binadamu amepangiwa. Kwa hiyo hata kabla hatujasema kwamba haina kinga, neno lenyewe limekwisha kutuambia kuwa siku ilikuwa imefika. Mtu akianguka kwa radi, pengine neno hilo linafaa. Je, linafaa kwa mtu aliyegongwa na gari lililokuwa likienda kasi mahali ambapo watu wanapita?

Baiskeli ya namna tunayoifahamu, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa na John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alisajili tairi lake la mpira lenye kujazwa upepo. Wazungu wakaipenda baiskeli kupita kiasi, na mahitaji ya mpira yakapanda. Mpira huo ulitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka Brazili, na sehemu nyingine ilitoka kwa jirani zetu, katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili (1885–1908), ambako wanakijiji walilazimishwa kukusanya utomvu wa mitambaazi ya msituni. Vitisho, utekaji wa wanawake na ukataji wa mikono viliandikwa katika ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904. Hivyo kabla mtu wa maeneo haya hajapanda baiskeli, wenzake wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika walikuwa wamekwisha kuilipia. Jambo hili halimo katika vitabu vingi vya watoto vinavyosifu uvumbuzi wa Dunlop.

Kwetu Gitega, mji ulianza kukua baada ya Wajerumani kuhamishia hapa makao ya utawala wao wa Urundi mwaka 1912, wakitoka Usumbura. Kiswahili kilikuja pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara wao. Wabelgiji walitwaa nchi mwaka 1916 na wakaendelea kufungua njia za magari. Hapa pana jambo la lugha ambalo lisitupite. Kirundi kilikuwa na neno lake la njia, yaani inzira, njia ya miguu inayopanda na kushuka vilima, inayopitisha ng'ombe, wachukuzi na machela ya kubebea wagonjwa, ingobyi. Njia pana ya gari ilipokuja, Kirundi hakikuiita inzira. Kilichukua neno la Kiswahili kikasema ibarabara. Barabara hizo zilichimbwa kwa majembe na watu waliolazimishwa kufanya kazi hiyo, na zilipokamilika, gari lilipotokea, aliyezichimba alitakiwa kukaa pembeni. Tofauti ya inzira na ibarabara haikuwa ya upana peke yake. Kwenye inzira wote walikuwa waendao kwa miguu na walipishana kwa salamu; kwenye ibarabara palikuwa na mwenye haki na mwenye kupisha.

Baiskeli iliingia kati ya hivi viwili. Ilipita inzira pale gari liliposhindwa, na ilipita ibarabara pale ilipotaka kwenda mbali. Waliotangulia kuimiliki walikuwa watu wa misheni, makatekista, makarani, walimu na watu wa machifu, yaani wenye mshahara. Baiskeli ilikuwa alama ya heshima. Mwalimu aliyefika shuleni kwa baiskeli alionekana kutoka mbali. Baadaye kahawa, ambayo Wabelgiji waliisukuma kwa nguvu kuanzia miaka ya 1930, iliwapa baadhi ya wakulima fedha taslimu. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 na hasa zilipozagaa baiskeli za Phoenix kutoka China na Hero kutoka India, chombo hiki kikashuka daraja: kutoka chombo cha mwalimu kikawa chombo cha mchuuzi wa ndizi. Tunasema kilishuka daraja kwa kuwa ndivyo kilivyotazamwa, ingawa kwa maoni yetu hapo ndipo kilipopata kazi yake ya kweli.

Tulipowatuma wanafunzi wetu kwa mafundi wa baiskeli mjini, mmoja wao akiwa na kibanda chake pale Mushasha, waokote msamiati, walirudi na daftari lililojaa mchanganyiko. Fundi wa hapa husema feri, kutoka Kifaransa. Mtanzania husema breki, kutoka Kiingereza. Sisi tuna ipine, wao wana tairi. Ukitoka Muyinga ukafika mpakani Kobero na kuingia Kabanga, mambo mawili hubadilika kwa mpigo: feri inakuwa breki, na barabara inahama upande, kwa sababu Burundi tunapita kulia na Tanzania wanapita kushoto. Dereva wa lori ana bango la kumkumbusha. Mwendesha baiskeli mwenye magunia mawili nyuma hujikumbusha mwenyewe.

Historia ya kubeba abiria kwa malipo nayo ilianzia mpakani. Katika miaka ya 1960, huko Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana walianza kuwavusha watu kwa baiskeli katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, nalo likawa boda boda. Pikipiki zilipokuja baadaye zililichukua jina hilo, na leo mtoto wa Nairobi au Kampala hajui kwamba boda boda ya kwanza ilikuwa na pedali. Kisangani nako, wakati wa vita vya 1998–2003, mafuta yalipoadimika na usafiri wa mtoni kukatika, baiskeli zilizoitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "twende, tupite", ndizo zilizosafirisha watu na mizigo kwa mamia ya kilomita. Kwetu Burundi nchi jirani zilituwekea vikwazo vya uchumi baada ya mapinduzi ya Julai 1996, vikaendelea hadi Januari 1999, na petroli ikawa bidhaa ya magendo. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakumbuka nani aliyekuwa akiendelea kufika sokoni kwa wakati.

Tukizingatia mifano hii tutaona kawaida moja: mafuta yakipotea, baiskeli inaitwa, mafuta yakirudi, inafukuzwa.

Hakuna mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kama kwenye barabara inayoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura. Anayesafiri kutoka Gitega huipita baada ya Muramvya. Bugarama iko juu kabisa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Bujumbura iko kandokando ya ziwa, chini ya mita 800. Umbali wa kati hauzidi sana kilomita 30. Vijana huteremka hapo wakiwa wamepakia ndizi, makaa, mboga, mara nyingine mzigo uzito wake unampita mwendeshaji. Feri peke yake haitoshi, kwa hiyo wengine huikandamiza tairi kwa soli ya kiatu. Kurudi juu ndiko kunakotisha zaidi. Hakuna mguu utakaopandisha baiskeli mita 1,400 kila siku, hivyo hushika nyuma ya malori, wawili, watatu, hata watano, mkono mmoja kwenye chuma cha lori na mwingine kwenye usukani, kona baada ya kona. Wageni huwapiga picha na kuwaita mashujaa. Polisi wamewapiga marufuku mara kadhaa. Na wamekuwa wakifa.

Msafiri aliyekaa ndani ya basi husema: hawa wanajitakia. Tulikuwa tukisema hivyo sisi pia. Lakini hebu tujiulize kijana huyo alipewa nini kingine. Nauli ya gari kwa mkungu wa ndizi ingekula faida yote. Ukingo wa barabara ni mfereji upande mmoja na bonde upande mwingine. Aliyeichora barabara hiyo alimwona mwenye gari, akamwona na mwenye lori. Huyu anayelisha soko la Bujumbura hakumwona. Kumlaumu yeye tu ni kumlaumu mtu anayetembea kandokando ya mto kwa kulowa.

Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki za abiria na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, na sababu iliyotolewa ilikuwa kupunguza ajali. Asubuhi ya kwanza maelfu ya watu walitembea kwa miguu kwenda kazini na sokoni. Hatuna nia ya kubeza sababu yenyewe, kwani ajali zilikuwapo kweli na waliokufa ni ndugu zetu. Tunachosema ni kwamba dawa iliyochaguliwa ilimwondoa barabarani anayegongwa. Kisha, katika kipindi hichohicho, uhaba wa mafuta uliokuwa umeanza kuonekana tangu 2021 ukazidi kuwa mkali, mistari ya magari kwenye vituo vya petroli ikawa ya siku na siku, na miguu na magurudumu mawili vikabaki ndivyo vyombo pekee ambavyo wengi walikuwa navyo. Mtu anayependa kejeli katika fasihi hana haja ya kwenda mbali.

Kwamba uhaba wa mafuta unaweza kuleta matokeo tofauti kabisa, ushahidi uko Uholanzi. Nchi hiyo leo husifiwa kwa baiskeli zake kana kwamba Mungu aliwaumba Waholanzi wakiwa juu ya tandiko. Sivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 walibomoa mitaa ili kuyapa magari nafasi, na baiskeli zikawa zinapungua. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, ambaye binti yake aligongwa na gari akafa, aliandika makala mwaka 1972, na mwaka uliofuata wazazi wakaunda chama wakakipa jina ambalo kwa Kiswahili tungelitafsiri Komesheni Mauaji ya Watoto. Tunawaomba wasomaji walitazame jina hilo kwa jicho la mwalimu wa lugha. Hawakusema ajali. Walichagua neno lenye mtendaji, neno ambalo mtu akilisikia huuliza: nani ameua, na nani angeweza kuzuia? Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1973 nchi za Kiarabu zilikata mafuta, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho yao mji usio na magari ulivyo. Njia za baiskeli zilizojengwa baadaye zilitokana na madai hayo. Katika miaka ya karibuni vifo vya barabarani nchini humo vimekuwa chini ya 800 kwa mwaka, ilhali watu na magari wameongezeka.

Tunajua kuna atakayesema kwamba Uholanzi ni tambarare kama sinia na ni tajiri, nasi tuna milima na hatuna fedha. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya kinga, kwa maana ya Kiswahili sanifu, haikai kwenye fedha nyingi. Inakaa kwenye mwendo. Gari linaloenda kilomita 60 kwa saa hugonga kwa nguvu mara nne ya lile linaloenda 30, si mara mbili. Hiyo ni hesabu ya fizikia ya sekondari. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua huongezeka kwa asilimia 4. Shirika hilohilo lilihesabu vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu vilikuwa vya waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Afrika Mashariki yenyewe imekwisha kujaribu. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mradi wa majaribio huko Temeke na Morogoro nchini Tanzania, na Nairobi na Eldoret nchini Kenya, uliojenga njia za miguu na za baiskeli pamoja na vivuko vilivyoinuliwa ili gari lilazimike kupunguza mwendo. Kivuko kilichoinuliwa ni udongo, mawe na lami kidogo. Kiswahili hata hakikuhangaika kutafuta neno: tuta ni lilelile la viazi. Mfaransa naye aliliita mgongo wa punda, nasi michoro ya kuvukia tukaiita pundamilia, ili punda wa kila aina wapate kazi.

Tangu Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwezi Januari 2019, swali hili limehamia mlangoni petu. Magari yameongezeka na misafara pia. Mushasha, penye kanisa kuu, siku ya Jumapili hujaa watu wa miguu wanaotoka misa, na siku za kazi hujaa wanafunzi, wachuuzi na teksi-velo. Mji unaopanuka bado una nafasi ya kuchagua, kwa sababu ni rahisi zaidi kuacha ukanda wa mita moja na nusu kando ya barabara kabla haijajengwa kuliko kubomoa maduka baadaye.

Turudi darasani. Baada ya siku ile tulimwita mwenye insha. Tulimwambia kwamba alama yake haitapungua, lakini tunataka atusimulie upya aya ya mwisho, bila msemo. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaeleza kwamba mahali baba yake alipogongwa ni mteremko ulionyooka, kwamba magari hushuka hapo yakiwa yamezima taa kuokoa betri, kwamba alikuwa mtu wa tatu kugongwa mahali hapohapo, na kwamba kijiji kilikuwa kimeomba tuta. Alikuwa anayajua yote hayo alipoandika insha. Hakuyaandika kwa sababu tulimfundisha kwamba insha nzuri humalizika kwa methali, nasi tukampa ya kumalizia.

Bado tunaufundisha msemo huo, kwani ni sehemu ya lugha na hatuna mamlaka ya kuufuta. Tulichobadilisha ni swali la mtihani. Zamani tuliuliza: "Toa maana ya msemo ufuatao, kisha uutungie kisa." Sasa tunauliza: "Msemo huu unamwondolea nani lawama?" Majibu ni ya viwango mbalimbali, wengine hulaumu madereva wote bila kubagua, wengine huhubiri. Yule kijana wa Muyinga aliandika kwamba bibi yake, ambaye Kiswahili chake ni kile cha sokoni, akisikia kwamba ajali haina kinga huelewa kuwa ajali haina baiskeli, na huitikia kwamba ni kweli, ajali ina gari. Tulimpa alama zote, ingawa swali la pili alikosa.

Daftari la maneno ya mafundi wa baiskeli linaendelea kujazwa, na kwa sasa lina safu tatu: Kirundi, Kiswahili cha Burundi na Kiswahili cha Tanzania. Tunatarajia kulichapisha katika toleo lijalo. Safu ya nne, ya Kongo, bado ina mapengo mengi, hasa kwenye majina ya spoku, kiraka na gundi yake. Wasomaji walioko Uvira, Bukavu na Lubumbashi wanaombwa watutumie maneno yao kupitia ofisi ya Idara, wakitaja mahali yanapotumika.